Treni ya mvuke kwenye reli za leo: dhana potofu na ukweli wake

Tarehe 25 Februari 2016, injini ya mvuke iitwayo Flying Scotsman, iliyotoka karakana ya Doncaster, Uingereza, mwaka 1923, iliondoka stesheni ya King's Cross jijini London kuelekea York baada ya matengenezo yaliyochukua takriban miaka 10 na kugharimu pauni milioni 4.2. Njiani ililazimika kusimama, si kwa ubovu wowote, bali kwa sababu watazamaji walikuwa wameingia relini. Safari za namna hii hupigwa picha nyingi na kuelezwa kidogo, ndiyo maana dhana potofu juu yake hazikauki; nyingi zinatokana na kuitazama injini peke yake na kuisahau njia inayopita.

"Ni injini ileile ya zamani, imepakwa rangi tu."

Hata ilipokuwa kazini, injini iliyoingia karakana ilivuliwa boila yake (pipa la chuma ambamo maji huchemshwa yawe mvuke) na kuvishwa nyingine iliyokwisha kutengenezwa, ili isikae bure ikisubiri mafundi. Flying Scotsman yenyewe iliundwa upya mwaka 1947 na kuhamishiwa katika aina nyingine kabisa ya injini, na boila iliyonayo leo siyo iliyozaliwa nayo. Isitoshe, nchini Uingereza boila ya injini inayotembea hufumuliwa takriban kila baada ya miaka 10: hunyanyuliwa kutoka kwenye fremu, mirija yake hutolewa, na mabati yake hukaguliwa moja baada ya jingine. Ipo pia injini ya mvuke ya Tornado, ambayo si ya kale hata kidogo. Ilikamilika mwaka 2008 kwa kufuata michoro ya miaka ya 1940, na boila yake ilitengenezwa Meiningen, Ujerumani.

"Ni nzito mno, zinaharibu reli."

Uzito si hoja kubwa kama inavyodhaniwa. Kila ekseli (mhimili unaounganisha magurudumu mawili) ya magurudumu makubwa ya Flying Scotsman huibebesha reli takriban tani 22, ilhali injini ya dizeli ya Class 66, inayovuta mizigo nchini humo kila siku, ina tani zipatazo 130 juu ya ekseli sita, yaani karibu kiasi hicho hicho. Kinachowashughulisha wahandisi ni jambo lisiloonekana kwa macho. Pistoni na vyuma vinavyoiunganisha na magurudumu huenda mbele na kurudi nyuma kwa nguvu, na ili injini isiyumbe, magurudumu huwekewa vipande vya chuma vya kusawazisha mwendo huo. Vipande hivyo hutuliza mtikisiko wa kwenda na kurudi, lakini gurudumu linapozunguka huigonga reli kutoka juu mara moja katika kila mzunguko. Kishindo hicho hakikui sambamba na mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, chenyewe huongezeka mara nne. Hapo ndipo madaraja ya zamani yanapotiwa katika hesabu, na ndipo injini yenye silinda tatu, kama Flying Scotsman, inapopata nafuu kuliko nyingi zenye silinda mbili, kwa kuwa silinda zake husaidiana kujisawazisha.

"Palipo na reli, itapita."

Hii ndiyo dhana iliyo mbali zaidi na ukweli. Reli ya leo imepoteza vitu ambavyo injini ya mvuke haiwezi kuishi bila hivyo, na imeongezewa vingine ambavyo waundaji wake hawakuviwazia. Uingereza ilifunga enzi ya mvuke kwenye njia zake kuu tarehe 11 Agosti 1968 na kupiga marufuku karibu safari zote za aina hiyo hadi Oktoba 1971. Wakati huo matangi ya maji na majukwaa ya kugeuzia injini yalikuwa yakiondolewa. Zamani kulikuwa na mifereji ya maji iliyolazwa katikati ya reli, na injini ilishusha mdomo wa chuma ikachota huku ikikimbia. Siku hizi lori la maji hutangulia na kuisubiri kando ya njia, kwa sababu tangi la Flying Scotsman huchukua lita 22,700 hivi, kiasi kinachotosha kilomita 160 au pungufu. Mwaka 1966 iliongezewa tangi la pili kwa sababu hiyo, na tarehe 8 Agosti 1989, nchini Australia, ilikwenda kilomita 679 bila kusimama ikiwa na maji ya ziada.

Kisha kuna nyaya za volti 25,000 zinazoning'inia juu ya njia. Chini yake ni marufuku mtu kupanda juu ya makaa yaliyo nyuma ya injini ili kuyasogeza mbele, na mchochea moto hana budi kuwa mwangalifu sana na vyuma vyake virefu. Injini ya King Edward I ilibidi ipunguzwe kimo, bomba la moshi na kibanda, ili iweze kupita chini ya madaraja.

"Haina mifumo ya usalama, dereva hutegemea macho yake."

Injini inayoruhusiwa kwenye njia kuu za Uingereza hufungwa redio, kinasa mwendo na mifumo inayoweza kufunga breki yenyewe. Tarehe 7 Machi 2015, karibu na Wootton Bassett, treni ya mvuke ilipita ishara nyekundu na kusimama juu ya makutano ya reli ambayo treni ya mwendo kasi ilikuwa imeyapita chini ya dakika moja kabla. Mfumo ulikuwamo, wahudumu wake walikuwa wameufungia koki ili wasisimamishwe. Kwa maoni yangu, tukio hilo linatisha zaidi kuliko kama mfumo usingekuwapo.

"Dizeli ikifungwa nyuma, safari ni ya kughushi."

Hapana. Mara nyingi dizeli huwekwa ili kutoa umeme wa mabehewa, kuirudisha treni mahali pasipo na pa kugeuzia, na kupunguza cheche kwenye nyasi kavu wakati wa kiangazi.

"Huenda polepole kwa sababu imezeeka."

Flying Scotsman ilifikia kilomita 161 kwa saa tarehe 30 Novemba 1934, na Tornado ikafikia mwendo huo huo katika majaribio ya Aprili 2017. Kikomo cha kawaida cha kilomita 120 kwa saa ni uamuzi wa kiusalama.

"Basi hata injini za mvuke za Nairobi zingewekwa kwenye SGR, reli mpya ya Kenya."

Haiwezekani. Injini ya 5918 Mount Gelai, iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, ni miongoni mwa injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa na Beyer, Peacock huko Manchester mwaka 1955 na 1956, na magurudumu yake yamepangwa kwa reli yenye upana wa milimita 1,000. SGR ina milimita 1,435. Pia haikuchoma makaa bali mafuta mazito, na kwa uzito wake wa tani zaidi ya 250, wenye takriban tani 21 juu ya kila ekseli ya magurudumu makubwa, hata enzi zake ilitumika hasa kati ya Mombasa na Nairobi, ambako reli zilikuwa nene vya kutosha kuibeba.