Daftari la michango washike wanafunzi

Kazi yangu ni kulea klabu za wanafunzi katika sekondari za Temeke na Ilala. Muhula ukikaribia kwisha, walimu wenzangu huniuliza tuwapeleke wapi vijana wakatoe msaada. Mimi huuliza kwanza: daftari la michango analo nani?

Mara nyingi safari ya kituo cha watoto yatima huandaliwa na mwalimu mwanzo mwisho. Anaandika barua, anakusanya fedha, ananunua biskuti na sabuni Kariakoo, anakodi Coaster. Mwanafunzi anashusha katoni, anaimba, anapiga picha. Moyo wake umeguswa, sikatai, ila uongozi hajaugusa.

Na watoto wa Dar wanaujua uongozi huu. Ukitokea msiba Mbagala au Buguruni, kamati inaundwa siku hiyohiyo: turubai, viti, maji, gari la kwenda makaburini. Daftari linapita, na mwishowe mweka hazina anasimama mbele ya watu anasoma kilichoingia na kilichotoka. Klabu nayo iendeshwe hivyo. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wapigiwe kura. Fedha zitunzwe kwa mhasibu wa shule, lakini hazitoki bila saini za wanafunzi wawili, na hesabu isomwe paredi.

Jambo moja la msibani nisingelichukua: kusoma majina na viwango. Darasani yupo aliyekuja bila kunywa chai. Bahasha zisiandikwe majina, paredi isikie jumla tu.

Kabla ya kununua chochote, katibu na wenzake wawili wakamuulize mlezi wa kituo. Majibu huwashangaza sana. Nguo zimejaa stoo. Kinachowaumiza kichwa ni luku, gesi ya kupikia, taulo za kike, nauli ya kumpeleka mtoto kliniki. Hapo ndipo kijana anapojifunza kusikiliza, na anarudi shuleni na kazi ngumu ya kuwaeleza wenzake kwa nini fedha yao inanunua umeme usioonekana kwenye picha. Kuhusu picha nina msimamo mkali: nyuso za watoto wa kituo zisirushwe mtandaoni. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtoto hapaswi kulipia msaada kwa sura yake.

Asiye na fedha naye ana cha kutoa. Vijana wa kidato cha tano na sita waliotimiza miaka 18 na wenye kilo 50 au zaidi wanaweza kuchangia damu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupita mashuleni, na shule zikifungwa wachangiaji hupungua. Siku hiyo waiandae wanafunzi: wazungumze na wazazi, wapange foleni, wahakikishe kila mmoja amekula na kunywa maji. Mvulana anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, msichana minne, kwa hiyo orodha inataka katibu makini, na kidato cha tano wakabidhiwe kabla wenzao wa sita hawajaingia kwenye mtihani wa Mei.