Muda unaohisiwa ni nini?

Dakika kumi za kusubiri simu ipigwe zinaweza kukaa kama saa zima, alafu masaa matatu ya kupiga stori na mtu unayempenda yakayeyuka hata hujui yameenda wapi. Saa haijakosea na wewe hujakosea, kila mmoja anapima kitu chake. Hicho unachokipima wewe toka ndani ndo muda unaohisiwa, yaani muda vile mtu anavyouishi.

Aliyelikomalia sana hili ni mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson, kuanzia kitabu chake cha 1889. Kwake saa inaukatakata muda vipande vinavyolingana kama sentimita kwenye rula, wakati ndani yetu hakuna vipande, ni mtiririko mmoja tu na ya jana yanaingia kwenye ya leo bila mpaka. Baadae akatoa mfano wa sukari: ukiitia kwenye glasi ya maji inabidi usubiri iyeyuke utake usitake, na kule kukosa subira kwako hakuonekani popote kwenye hesabu za fizikia.

Mwanafalsafa mwingine, Mjerumani Edmund Husserl, akaenda kwenye muziki, na hapa ndo pananikosha mimi. Kama kila noti, yaani kila mlio mmoja wa wimbo, ingekuwa inafutika kabisa kichwani ikishalia, usingesikia wimbo hata siku moja, ungesikia milio tu inapokezana, ila unasikia wimbo kwa sababu noti iliyopita bado umeishikilia kidogo na inayokuja ushaanza kuitegea. Kwahiyo hata neno "sasa" sio nukta, lina unene wake.

Mwaka 1962 Mfaransa mwingine, mtafiti wa mapango Michel Siffre, alishuka pangoni akakaa kama miezi miwili bila saa wala mwanga wa jua. Alipomaliza tarehe 14 Septemba yeye hesabu zake zilikuwa zinasema 20 Agosti, karibu mwezi mzima umempotea! Nadhani ni kwa sababu kule gizani kila siku inafanana na jana yake, kumbukumbu inakosa pa kushika.

Na hapo kuna kitu kinachanganya wengi. Muda wa kuboreka unajivuta wakati unapita ila ukigeuka nyuma umekuwa mfupi, safari yenye mambo mengi inakimbia ukiwa ndani yake alafu ukiikumbuka unaona kama ulikaa wiki. Kwahiyo mtu akikuuliza "ilichukua muda mrefu?", hapo ana maswali mawili na majibu yanaweza kupingana kabisa.