Poti na nobu za gitaa la umeme: pima kwanza, ndipo ubadilishe

Gitaa likikwaruza kila unapogusa volyumu, usikimbilie kununua poti mpya, yaani kile kifaa kilicho chini ya nobu (kitufe cha kuzungusha) kinachopandisha na kushusha sauti. Hapa Dar es Salaam, ninakotengenezea magitaa, hewa ya bahari yenye chumvi na unyevu hupenya hata ndani ya kasha lililofungwa, na poti nyingi ninazoletewa kwa madai kwamba zimekufa huwa zina uchafu tu, au nati yake imelegea hadi poti nzima inazunguka na kusokota nyaya zake.

Ndani ya poti, ambayo kwa jina kamili ni potenshiometa, kuna njia nyembamba ya kaboni iliyopinda kama mwezi mchanga, na juu yake hutembea ulimi mdogo wa chuma uliofungwa kwenye mhimili unaouzungusha kwa nobu. Vumbi na kutu vikikaa kati ya ulimi na kaboni, mguso hukatikakatika, na amplifaya hutoa mkwaruzo. Puliza kiasi kidogo cha dawa ya kusafishia swichi za umeme kwenye uwazi ulio juu ya miguu mitatu ya poti, kisha zungusha mwanzo hadi mwisho mara 20 au 30. Usitumie mafuta ya bawaba wala ya cherehani, kwa sababu hubaki ndani na kukusanya vumbi jipya. Mkwaruzo ukirudi baada ya siku chache, kaboni imelika, na hapo kubadilisha ni halali.

Nobu zenye skrubu ya pembeni, kama za gitaa aina ya Telecaster, hulegezwa na kutoka bila taabu. Zile za kusukumiwa ndizo zinazoumia, kwa kuwa watu huzing'oa kwa bisibisi, wakaacha kovu kwenye rangi au wakauvunja mhimili. Mimi hupitisha kipande cha kanga chini ya nobu, nikakizungushia pande zote, nikavuta kwenda juu moja kwa moja, bila kuinamisha.

Mwaka jana mpiga rithimu wa bendi ya dansi aliniletea gitaa aina ya Stratocaster lililokuwa limewekewa poti mpya na fundi mwingine. Alilalamika kwamba akishusha volyumu ili mwimbaji asikike, hakuna kinachobadilika, halafu karibu na mwisho sauti inapotea ghafla; pia gitaa lilikuwa limekuwa kali masikioni. Nilikata waya mmoja kabla ya kupima, kwa maana poti ikiwa bado imeunganishwa na pikapu (kifaa chenye sumaku na koili kinachonasa mtetemo wa nyuzi), mita husoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 6,000 hivi za koili badala ya ukinzani wa poti yenyewe. Mita ilisoma karibu omu 500,000. Nobu ikiwa katikati, kutoka mguu wa upande wa sifuri hadi mguu wa kati ilisoma nusu kamili.

Makosa yalikuwa mawili. Pikapu za koili moja, kama zake, kwa kawaida hupewa poti za omu 250,000, ambazo hupeleka sehemu ya sauti nyembamba kwenye ethi (waya wa ardhini) na kulainisha mlio; 500,000 ni za pikapu za koili mbili. La pili, poti yake ilikuwa ya herufi B, ambayo hupanda kwa hatua sawa, ilhali sikio letu halisikii hivyo. Poti ya herufi A, ikifika katikati, huwa imetoa asilimia 10 hadi 20 tu ya ukinzani wake, na ndiyo maana sauti yake husikika ikishuka polepole. Nilimwekea A ya 250,000, na sasa anashuka wakati wa mashairi na kupanda sebene inapoanza. Kumbuka pia kwamba poti nyingi huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 20, kwa hiyo 230,000 si ubovu.

Kabla ya kulipa, hesabu meno ya mhimili: nobu ya meno 24 haikai vizuri kwenye mhimili wa meno 18, na kuilazimisha kunaweza kuipasua. Tundu la gitaa linalopitisha poti nalo huenda likawa dogo, kwani poti za Kimarekani huhitaji milimita 9.5; lipanue kwa tupa ya duara, si kwa drili, inayopasua plastiki.

Unapolehemu ethi mgongoni mwa poti, ukwangue kwanza kwa msasa, kisha tumia pasi ya wati 40 au zaidi kwa sekunde chache. Pasi dhaifu ndiyo inayoiunguza poti, kwa kuwa unalazimika kuishikilia muda mrefu. Poti ya zamani usiitupe, kwani namba yake husaidia kukadiria umri wa gitaa: kwenye gitaa la Kimarekani, namba ya poti inayoanza na 137 ni ya kiwanda cha CTS, na 1376632 humaanisha poti ilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 1966.

Mwishoni zungusha mhimili hadi sifuri, elekeza namba ndogo kabisa ya nobu mbele, kisha uisukume taratibu, ukiacha nafasi ya milimita moja chini yake ili isisugue plastiki.