Igizo Likitoka London Kwenda Broadway, Nani Anapanda Ndege? Dhana Potofu na Ukweli

Mwaka 2013 ukumbi wa Menier Chocolate Factory, kusini mwa mto Thames, uliirudisha jukwaani The Color Purple, igizo la muziki. Jengo hilo zamani lilikuwa kiwanda cha chokoleti, na watu wanaoenea humo hawafiki 200. Mwongozaji John Doyle hakujenga nyumba wala shamba jukwaani. Alisimamisha ukuta wa mbao zilizochakaa na kuweka viti vya mbao, basi. Mbele ya ukuta huo alisimama binti wa London aliyezaliwa na wazazi Wanijeria, Cynthia Erivo, akiwa hajulikani na wengi, akaimba maisha ya Celie, mhusika mkuu.

Desemba 2015 mbao zile na viti vile vikafunguliwa Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo New York, katika ukumbi wa Bernard B. Jacobs wenye nafasi zaidi ya 1,000. Kati ya waliobeba nafasi kubwa kule London, aliyevuka bahari ni Erivo peke yake. Nafasi ya Shug Avery, iliyokuwa ya Nicola Hughes, ikawa ya Jennifer Hudson. Ya Sofia, iliyokuwa ya Sophia Nomvete, ikawa ya Danielle Brooks. Mwaka uliofuata Erivo alitwaa Tony, tuzo kubwa ya Broadway.

Kila igizo la muziki la zamani likirudishwa London, likapendwa, kisha likahamia New York, maneno huwa yale yale: fulani kaonewa, fulani kapendelewa, Wamarekani wana roho mbaya. Mengi husemwa na watu wanaoipenda sanaa hii kwa dhati, na ndiyo maana naona yafaa kuyapima.

Dhana: Onyesho likihama, waigizaji wanahama nalo

Kinachohama ni kazi ya mwongozaji: namna alivyolisoma igizo, jukwaa lake, mavazi, taa, hatua za dansi. Watu hujadiliwa mmoja mmoja. Merrily We Roll Along ya Maria Friedman ilianza Menier mwaka 2012 ikiwa na Mark Umbers, Damian Humbley na Jenna Russell. Ilipofika Broadway mwaka 2023, watatu hao wote hawakuwemo. Walisimama Jonathan Groff, Daniel Radcliffe na Lindsay Mendez. Bado lilikuwa onyesho la Friedman, mwanamke ambaye aliwahi kuigiza ndani ya igizo hilo hilo kabla ya kuliongoza.

Waitikiaji na wacheza dansi ndio huachwa London zaidi. Kuwasafirisha kunahitaji pesa na vibali, na New York imejaa watu wanaoweza kujifunza hatua zile ndani ya wiki chache za mazoezi.

Dhana: Aliyeachwa London alishindwa

Hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu inamdhulumu mtu kwa kazi aliyoifanya vizuri. Carousel ya National Theatre ya mwaka 1992 iliwapa Joanna Riding na Janie Dee tuzo za Olivier, tuzo kubwa za maigizo za London, wote wawili. Ilipofunguliwa Lincoln Center, New York, mwaka 1994, nafasi zao zilikuwa na wengine. Company ya Marianne Elliott, iliyomgeuza mhusika mkuu, Bobby, kuwa mwanamke, Bobbie, ilimpa Jonathan Bailey Olivier mwaka 2019 kwa nafasi ya Jamie, yule kijana anayepatwa na kiwewe asubuhi ya harusi yake. Broadway nafasi hiyo alikuwa nayo Matt Doyle, naye akapata Tony mwaka 2022. Nafasi moja, waigizaji wawili, tuzo mbili. Katika onyesho hilo hilo Rosalie Craig, aliyekuwa Bobbie wa kwanza, alimpisha Katrina Lenk, huku Patti LuPone akibaki pande zote mbili.

Anayefungua jukwaa London ndiye anayeonyesha kwamba wazo linafanya kazi. Wa pili anakuta njia imeshafyekwa.

Dhana: Kikwazo ni viza

Viza ipo, lakini mlango unaotangulia ni wa chama. Waigizaji wa jukwaani Marekani wana chama chao, Actors' Equity Association, kilichoanzishwa mwaka 1913, na mkataba wake na watayarishaji wa Broadway unaweka masharti kuhusu waigizaji wa kigeni. Mtayarishaji ndiye anayeomba, si mwigizaji. Lazima aeleze kwa nini huyu na si Mmarekani: labda ni nyota anayetambulika kimataifa, labda ana ujuzi usiopatikana kirahisi kwa mwingine. Njia nyingine ni kubadilishana na chama cha Uingereza, Mwingereza akienda New York Mmarekani naye apate kazi London. Hata ombi la viza lenyewe linataka barua ya maoni ya chama, ingawa uamuzi wa mwisho ni wa serikali.

Tazama Oklahoma! ya National Theatre, 1998. Watayarishaji walitaka kuipeleka Broadway na waigizaji wa London, chama kikakataa. Ilifika mwaka 2002 ikiwa na Patrick Wilson pale aliposimama Hugh Jackman. Waliopita ni wachache, na ukiwaangalia unaona kwa nini. Shuler Hensley, aliyekuwa Jud, ni Mmarekani. Alikuwa anarudi kwao. Josefina Gabrielle, Mwingereza, alikuwa Laurey. Katika igizo hilo kuna ndoto ndefu ya dansi, na kwa desturi Laurey anayeimba hupisha pembeni, mcheza dansi mwingine akaicheza ndoto kwa niaba yake. Gabrielle aliimba, akaigiza, kisha akaingia ndotoni na miguu yake mwenyewe. Kumpata mwingine wa namna hiyo si kazi ndogo, na kwangu hiyo ndiyo hoja ambayo sharti la chama linaitafuta.

Watu wanaliona sharti hili kama ukatili. Mimi sioni hivyo. Kazi za Broadway zinahesabika, na mwigizaji asiye na jina hana mwingine wa kumsemea zaidi ya chama chake.

Dhana: Anayewekwa badala yake lazima awe Mmarekani

Sam Mendes aliongoza Cabaret katika ukumbi wa Donmar mwaka 1993, Alan Cumming akiwa mshereheshaji wa klabu na Jane Horrocks akiwa Sally Bowles. Broadway, mwaka 1998, Cumming alibaki. Horrocks alimpisha Natasha Richardson, Mwingereza mwenzake. Wote wawili, Cumming na Richardson, walipata Tony. A Little Night Music ya Menier, 2008, ilikuwa na Hannah Waddingham na Maureen Lipman. New York mwaka uliofuata walisimama Catherine Zeta-Jones wa Wales na Angela Lansbury, mzaliwa wa London. Hapo uraia hauelezi chochote. Kinachoeleza ni jina lililoandikwa juu ya mlango wa ukumbi na tiketi zinazouzwa kabla pazia halijafunguliwa. Ukumbi wa watu 180 unajazwa na sifa za mdomo kwa mdomo. Ukumbi wa 1,000 na zaidi, mara nane kwa wiki, unadai jina.

Lakini si kila mara. Sunset Boulevard ya Jamie Lloyd ilihama mwaka 2024 na vinara wake wote wanne: Nicole Scherzinger, Tom Francis, Grace Hodgett Young na David Thaxton. Onyesho lile lilijengwa juu ya nyuso. Kamera ilimsogelea Scherzinger hadi kope zake zikajaa skrini iliyotanda jukwaani, na Francis aliimba akitembea nje barabarani, magari na wapita njia nyuma yake, kisha akarudi jukwaani kwa wimbo ule ule. Ukibadilisha uso pale, umebadilisha onyesho.

Dhana: Kuangalia asili ya mwigizaji ni fasheni ya juzi

Carousel ile ile niliyoitaja ilimweka Clive Rowe, mwigizaji mweusi, kuwa Bwana Snow mwaka 1992. New York ikamchukua Audra McDonald, mweusi pia, kuwa Carrie, naye akapata Tony yake ya kwanza akiwa na miaka 23. Hiyo ni zaidi ya miaka 30 iliyopita.

Na kabla ya hapo kulikuwa na vita vya igizo la Miss Saigon. London, mwaka 1989, Jonathan Pryce, Mzungu, aliigiza mtu mwenye damu ya Ulaya na Asia, akiwa amebandikwa vifaa vya kubadili macho na kupakwa rangi. Agosti 1990 Equity, kile chama cha waigizaji wa Marekani, ilikataa asiende Broadway na nafasi hiyo. Mtayarishaji Cameron Mackintosh akatangaza kulifuta onyesho zima, wakati tiketi za mamilioni ya dola zilikuwa zimeshauzwa. Ndani ya siku chache chama kikageuza uamuzi. Mwaka 1991 Pryce alisimama Broadway bila vile vifaa vya macho, na yeye na Lea Salonga wa Ufilipino wakapata Tony.

Wengi husimulia kisa hiki kama kushindwa kwa chama. Mimi nasema wafuate waliokuja baadaye. Pryce alipoondoka, nafasi ile Broadway ilishikwa na waigizaji wenye asili ya Asia, mmoja baada ya mwingine, hadi onyesho likafungwa mwaka 2001.

Mwaka 2014 igizo lilirudishwa London, na mwaka 2017 likahamia New York, katika ukumbi ule ule wa Broadway Theatre wa mwaka 1991. Safari hii baadhi ya waliobeba nafasi kuu London walivuka nalo. Kim, mhusika mkuu wa kike, alikuwa Eva Noblezada, Mmarekani aliyekwenda London akiwa bado kijana mdogo kabisa. Nafasi ile iliyoleta vita ilikuwa ya Jon Jon Briones, Mfilipino. Mwaka 1989, Pryce alipokuwa akifungua igizo hilo London, Briones alikuwa jukwaani pamoja naye, nyuma, katika kundi la waitikiaji.