Kuajiri "wa kwetu" tu: yanayosemwa na yalivyo

Arusha na Moshi, nafasi ya udereva ikitokea kwenye kampuni ya utalii, mara nyingi haifiki kwenye tangazo. Anaitwa binamu, au kijana anayesali kanisa moja na bosi. Ukihoji, majibu hayakosekani.

"Tukianza kutafuta wanawake na walemavu, tutashusha viwango." Mimi naona ni kinyume: anayeshusha viwango ni anayechagua kutoka kwa wachache anaowafahamu. Mwaka 1960 huko Marekani, asilimia 94 ya madaktari na wanasheria walikuwa wanaume weupe. Kufikia 2010 ilibaki asilimia 62. Wachumi Hsieh, Hurst, Jones na Klenow, katika utafiti wa 2019, walikadiria kuwa kati ya asilimia 20 na 40 ya ukuaji wa pato la kila mtu katika miaka hiyo ulitokana na watu kupata kazi zinazolingana na vipaji vyao. Na hapa hapa Arusha, Shanga, karakana inayoajiri watu wenye ulemavu, huyeyusha chupa zilizotumika na kutengeneza mapambo na vyombo ambavyo watalii hununua kwa sababu ni vizuri.

"Hayo ni mambo ya mashirika ya wazungu." La. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa kabila na wa mahali mtu alipotoka.

"Ukishachanganya watu, faida inakuja yenyewe." Hii huenezwa na watetezi wenyewe. Ripoti za McKinsey, kampuni ya ushauri wa biashara, tangu 2015 zilihusisha uongozi mchanganyiko na faida kubwa, lakini mwaka 2024 watafiti Green na Hand walipopima kampuni kubwa za Marekani hawakuuona uhusiano huo. Halafu kampuni yenye fedha ndiyo inayomudu kuajiri kwa upana, kwa hiyo chanzo na matokeo huchanganyikana. Ubunifu huja pale anayejua jambo tofauti anapoulizwa. Wagumu, yaani wapagazi wanaopandisha mizigo Kilimanjaro, wanajua hema lipi linavuja na begi lipi linakata mabega, ila vifaa huagizwa na mtu wa ofisini ambaye hajawahi kulala kambi ya Barafu kule mlimani. Kampuni ya namna hiyo inaweza kuwa na makabila kumi kwenye orodha ya mishahara na bado ikanunua mahema yale yale msimu ujao.