PXL-2000 haikubaniwa rangi

Vibanda vya mafundi Malindi havikosi anayeshikilia kwamba PXL-2000, kamera ya video ya watoto ya picha nyeusi na nyeupe iliyotolewa na Fisher-Price mwaka 1987, ingetoa rangi kwa kubandikwa vichujio vya rangi tu. Sivyo. Inarekodi kwenye kaseti ya kawaida ya muziki, ikiivuta kwa kasi mara tisa. Kaseti ya dakika 90 huisha kwa dakika 5 kila upande. Na bado utepe unabeba nukta 120 kwa 90 tu, picha 15 kwa sekunde. Rangi ingegombania nafasi hiyohiyo finyu, na vichujio vingekula mwanga. Kuongeza kasi? Muda unazidi kupungua, mota inaumia. Saketi za ziada nazo zingepandisha bei, na hiki ni kichezeo. Ukiipata leo, badilisha kwanza mkanda wa mpira unaozungusha kaseti: mara nyingi umeshalegea au kuyeyuka.