Kutuma faili la mradi si kutuma ramani

Afisa ugani wa Newala anachora mipaka ya mashamba ya mikorosho kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani kwa kompyuta, anahifadhi, kisha anamtumia mwenzake wa Mtwara mjini faili moja la .qgz, yaani faili la mradi wa QGIS. Mwenzake analifungua na kuambiwa tabaka (seti za data zinazounda ramani, kama mipaka ya mashamba) hazipatikani. Wengi hapo husema faili limeharibika.

Halijaharibika. Faili la mradi hubeba rangi, lebo, mpangilio na anwani ya mahali data ilipo. Data yenyewe imebaki Newala, kwenye kompyuta ya ofisi.

Shepufaili, muundo unaotumika sana kuhifadhi data ya ramani, nayo si faili moja bali kundi: .shp hubeba maumbo, .dbf jedwali la maelezo, .prj mfumo wa majira. Ukituma .shp ukaacha .dbf, umetuma maumbo yasiyo na jina la mkulima wala la kijiji; ikikosekana .prj, programu haijui majira ya nukta (namba zinazoonyesha mahali) ni ya mfumo gani. Mimi ningetumia GeoPackage, muundo mwingine wa kuhifadhi data ya ramani: tabaka zote hukaa ndani ya faili moja, na hata mradi wenyewe unaweza kuhifadhiwa humo.

Ramani ya kwenye kivinjari huonekana kumaliza tatizo hili, kwa kuwa data iko kwenye seva na unatuma kiungo tu. Ila kiungo humwezesha mtu kutazama. Kupakua data ni mpaka mwenye ramani aruhusu. Isitoshe, ramani nyingi za aina hiyo hupokea GeoJSON, muundo wa data ya ramani ulioandikwa kama matini, ambao kwa kiwango chake cha 2016 hutumia WGS 84 (mfumo wa majira unaotumiwa na GPS) na kutanguliza longitudo. Ukianza na latitudo, Mtwara (longitudo 40.2 mashariki, latitudo 10.3 kusini) inahamia Atlantiki, magharibi mwa Ureno.